Kosa Lile Lile: Historia ya Kinga Dhidi ya Kushtakiwa Mara Mbili

Wanasheria wetu, waliosomeshwa kwa Kifaransa, wana usemi wa Kilatini ambao huutamka bila kuutafsiri: ne bis in idem. Maana yake, neno kwa neno, ni "si mara mbili juu ya jambo lile lile". Mtu aliyekwisha kupewa hukumu ya mwisho, ama ametiwa hatiani ama ameonekana hana hatia, asirudishwe tena mbele ya mahakama kwa ajili ya jambo hilo. Kanuni hii imo katika kifungu cha 14 cha Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa ya mwaka 1966, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, ilipokuwa ikiitwa Zaire. Mwanafunzi wa sheria huisoma mapema na kuikariri bila taabu. Mwalimu wa Kiswahili anayeombwa kuitafsiri ndiye anayekwama.

Hukwama kwenye neno "kosa". Katika lugha yetu neno hili hubeba mizigo miwili kwa pamoja: tendo alilolifanya mtu, na jina ambalo sheria hulipa tendo hilo. Tuseme mtu ametia moto nyumba usiku, na ndani yake alikuwamo mgeni aliyelala, akafa. Tendo ni moja: kiberiti kimoja, usiku mmoja. Majina ni mawili, kuchoma nyumba na kuua. Akishtakiwa kwa kuchoma, akaonekana hana hatia, je, anaweza kuitwa tena kwa kuua? Tukisema "asishtakiwe mara mbili kwa kosa lile lile", hatujajibu kitu. Lile lile la nini: la tendo, au la jina?

Kilatini nacho hakikujibu, kwa kuwa idem ni "lile lile" tu, pasipo nomino ya kuliegemea. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba nafasi hiyo tupu ndiyo historia yenyewe ya kinga hii. Watawala wengi waliikubali kanuni kwa midomo. Mabishano yalihusu daima ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba jambo la leo ni lile lile la jana.

Warumi waliliona tatizo mapema. Ulpianus, mwanasheria wa mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba liwali wa jimbo asikubali mtu ashtakiwe tena kwa makosa aliyokwisha kuachiliwa. Maneno yake yaliingizwa katika Digesta ya Kaisari Justinianus mwaka 533, na wengi wanaoyanukuu huishia hapo. Lakini Ulpianus aliendelea. Alijiuliza kama katazo hilo linamfunga mshtaki wa kwanza tu au na watu wengine pia, kisha akaona kwamba mtu mwingine, anayedai kwa ajili ya madhara yaliyompata yeye mwenyewe, na anayethibitisha kwamba hakujua kuwa shtaka lilikwisha kuletwa, huenda akasikilizwa. Mlango ulifungwa, na papo hapo ukaachwa wazi kidogo. Tukumbuke kwamba kwa Warumi shtaka lililetwa na raia mmoja mmoja, si na ofisi ya serikali kama ile ambayo watu wetu huiita parke. Hofu yao ilikuwa juu ya mshtaki mwenye chuki, au mshtaki wa uongo aliyepatana na mshtakiwa ili amwokoe.

Kutoka Roma kanuni hii ilihamia kanisani, nayo ikabadilika sura. Mtakatifu Yeronimo, akifafanua sura ya kwanza ya kitabu cha Nabii Nahumu kwa kufuata tafsiri ya Kigiriki, alieleza kwamba Mungu hahukumu mara mbili juu ya jambo moja. Hiyo ilikuwa tafakari ya dini, wala si kanuni ya mahakama. Ilichukua zaidi ya miaka 700 kabla maneno hayo hayajatupwa mbele ya mfalme.

Mfalme huyo ni Henry wa Pili wa Uingereza. Takriban mwaka 1163 kasisi mmoja wa Bedford, Philip de Brois, alituhumiwa kumwua askari wa farasi. Alifikishwa mbele ya mahakama ya askofu wa Lincoln, akajitakasa kwa kiapo kama desturi ya kanisa ilivyoruhusu, akaachiliwa. Baadaye jaji wa mfalme, Simon fitz Peter, akiwa Dunstable, alitaka kuifufua kesi ile. Philip alikasirika, akamtukana jaji hadharani. Jaji alipeleka habari kwa mfalme, na mfalme akadai kasisi ahukumiwe kwa yote mawili, mauaji na matusi. Askofu mkuu Thomas Becket alikubali moja tu. Matusi yalikuwa jambo jipya, na Philip aliadhibiwa kwayo vikali, hata akanyang'anywa mapato yake kwa muda. Mauaji yalikwisha kuamuliwa.

Mwaka 1164, katika maazimio ya Clarendon, mfalme alitaka kasisi aliyetiwa hatiani na kanisa na kuvuliwa daraja lake akabidhiwe kwa mahakama ya kifalme ili apate adhabu ya mwili. Hapo Becket alitumia hoja ya Yeronimo: kuvuliwa daraja ni adhabu tayari, na hata Mungu hahukumu mara mbili. Ugomvi huo na mengine yaliyofuata yaliishia kwa Becket kuuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Baada ya mauaji hayo mfalme alilazimika kurudi nyuma kuhusu kesi za makasisi.

Nimesoma vitabu vinavyomtaja Becket kama baba wa kinga hii. Nadhani sifa hiyo imezidi kipimo. Mkulima wa Bedford aliyetuhumiwa kuua hakuwa na askofu wa kumsemea, na Becket hakusimama kwa ajili yake. Kilichopiganiwa kilikuwa fahari ya watu wa daraja takatifu, na huenda familia ya yule askari aliyeuawa iliona kwamba kiapo cha kasisi kilikuwa haki ya bei rahisi mno. Hata hivyo kesi ya Philip ilitoa mfano safi wa namna ya kutenganisha: matusi ya Dunstable hayakuwa "lile lile" la mauaji, ingawa yalizaliwa nayo.

Wafaransa ndio waliojaribu kuijaza ile nafasi tupu kwa neno. Katiba yao ya tarehe 3 Septemba 1791 ilitamka kwamba mtu aliyeachiliwa na jopo halali la raia hawezi tena kukamatwa wala kushtakiwa kwa sababu ya tendo lile lile. Neno lao ni fait, yaani tendo, jambo lililotendeka. Kanuni za mwenendo wa kesi za jinai za mwaka 1808, kifungu cha 360, zilirudia neno hilo hilo. Mtu angedhani swali limekwisha.

Halikwisha, na walioligundua hilo walikuwa wanawake maskini. Chini ya sheria ya adhabu ya mwaka 1810, mama aliyemwua mtoto wake mchanga alistahili kifo. Kesi ya namna hii ilikwenda mbele ya jopo la raia. Wanajopo walimwona mbele yao msichana, mara nyingi mtumishi wa nyumbani, aliyezaa peke yake kwa siri na kwa hofu ya kufukuzwa. Walijua kwamba wakisema "ndiyo" atakatwa kichwa. Mara nyingi walisema "hapana". Msichana alitoka akiwa huru, kisha mwendesha mashtaka akamwita tena, safari hii mbele ya mahakimu bila jopo, kwa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe: hakuomba msaada wakati wa kujifungua, hakumfunika mtoto, hakumwangalia. Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2.

Je, mtoto si yule yule? Usiku si ule ule? Mahakama ya juu ya Ufaransa, katika sehemu kubwa ya karne ya 19 na hata baadaye, ilijibu kwamba fait maana yake ni tendo pamoja na jina lake la kisheria. Jopo lilikataa kuua kwa kukusudia. Halikuulizwa juu ya uzembe. Basi jambo si lile lile. Kwa hoja hiyo neno "tendo" liliachwa mahali pake katika kitabu cha sheria, nalo likafanya kazi ya neno "jina".

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ni rahisi kuwalaani wale mahakimu. Wao waliona kwamba jopo lilidanganya kwa huruma, na kwamba mtoto aliyekufa asingepata mtetezi yeyote. Miaka 2 badala ya kifo ilionekana kwao kuwa njia ya kati. Lakini kama adhabu ya kifo ndiyo iliyowasukuma wanajopo kusema uongo, dawa ilikuwa kuibadili adhabu, kama ilivyofanyika hatimaye kwa sheria ya mwaka 1901 iliyomwondolea mama adhabu hiyo. Badala yake, kwa miongo mingi, serikali ilijipa nafasi ya pili ya kumpata mtu iliyemkosa mara ya kwanza, na mtu mwenyewe hakujua ni lini kesi yake imekwisha. Ni mwaka 1958 tu ambapo kanuni mpya za Ufaransa, katika kifungu cha 368, ziliongeza maneno machache yenye uzito: hata kama tendo limepewa jina tofauti. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilifika huko huko tarehe 10 Februari 2009, katika kesi ya Zolotukhin dhidi ya Urusi, ilipoamua kwamba kipimo ni matendo yenyewe, yakiwa yale yale au yale yale katika kiini chake.

Kanuni za 1808 ziliendelea kutumika Ubelgiji baada ya uhuru wake wa mwaka 1830, na kutoka kwa Wabelgiji sisi tulirithi namna ya kufikiri, ingawa hatukurithi jopo la raia. Wenzetu wa Tanzania walipokea urithi wa Kiingereza. Sheria yao ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 137, inakataza kumshtaki mtu tena "kwa matendo yale yale na kosa lile lile", ikiyataja yote mawili bega kwa bega. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inaangalia zaidi tendo, au kuacha kutenda, ambalo mtu alikwisha kuhukumiwa kwalo.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba watu wema husimama upande wa tendo, na wakandamizaji upande wa jina. Los Angeles inatuzuia kwenda haraka hivyo. Tarehe 3 Machi 1991 askari polisi walimpiga Rodney King, raia mweusi, huku jirani akirekodi kwa kamera ya video. Tarehe 29 Aprili 1992 jopo la mahakama ya jimbo la California liliwaachilia askari wanne, isipokuwa shtaka moja dhidi ya mmoja wao ambalo wanajopo hawakuafikiana. Jiji liliwaka moto, na watu zaidi ya 50 walikufa. Kisha serikali kuu ya Marekani iliwashtaki askari wale wale kwa kipigo kile kile, kwa jina jingine, yaani kumnyima raia haki zake za kikatiba. Tarehe 17 Aprili 1993 wawili walitiwa hatiani, wakafungwa miezi 30 kila mmoja. Katiba ya Marekani inakataza tangu mwaka 1791 mtu asiwekwe hatarini mara mbili kwa kosa lile lile. Lakini mahakama zao husema kwamba jimbo na serikali kuu ni watawala wawili, na kila mmoja ana sheria yake iliyovunjwa. Mahakama Kuu ya Washington iliurudia msimamo huo mwaka 2019.

Ni hila ile ile iliyotumika dhidi ya watumishi wa Ufaransa, nami nakiri kwamba nilipoona habari za Los Angeles nilifurahi. Sijui kama ningefurahi vivyo hivyo laiti ningekuwa nimesoma kwanza kesi za akina mama wale. Waingereza walichukua njia ya wazi zaidi. Baada ya kijana mweusi Stephen Lawrence kuuawa London mwaka 1993, na baada ya taarifa ya Jaji Macpherson ya mwaka 1999, Bunge lilipitisha mwaka 2003 sheria inayoruhusu, kwa makosa mazito na pakiwa na ushahidi mpya wenye nguvu, hukumu ya kuachiliwa ifutwe na mahakama ya rufani. Mmoja wa watuhumiwa wa mauaji hayo, aliyeachiliwa mwaka 1996, alitiwa hatiani mwaka 2012. Njia hii ina gharama yake, lakini angalau haimwambii mtu kwamba jambo lile lile si lile lile.

Kabla ya kurudi nyumbani, neno moja juu ya lugha, kwa kuwa limewaumiza wengi. Kinga hii huanza kufanya kazi pale tu panapokuwa na hukumu ya mwisho. Afisa wa parke anapolifunga faili bila kulipeleka mahakamani, hajahukumu. Anaweza kulifungua tena kesho. Aliyepewa ruhusa ya kungojea kesi akiwa nyumbani naye hajahukumiwa. Lakini Kiswahili cha mitaani hutumia neno moja kwa wote watatu: "ameachiliwa". Ndugu hufanya karamu, mwaka unapita, na mwito unapofika tena wanaamini wameonewa. Pengine wameonewa kweli, lakini si kwa njia hii.

Sasa tuje Ituri. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kusini ya Bunia, kilishambuliwa. Raia waliuawa, nyumba zikaharibiwa, mali zikaporwa. Germain Katanga, aliyekuwa kiongozi wa kundi la FRPI, alikamatwa Kinshasa mwaka 2005, akakabidhiwa kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye mwezi wa Oktoba 2007. Mashahidi wengi wa kesi hiyo walisema kwa Kiswahili cha kwetu, wakalimani wakihangaika na maneno kama haya tunayoyajadili. Alishtakiwa kwanza kama mtenda mkuu wa uhalifu pamoja na mwenzake, Mathieu Ngudjolo. Mwezi wa Novemba 2012, mashahidi wakiwa wamekwisha kusikilizwa, majaji walio wengi walitangaza kwamba huenda sura ya kisheria ya ushiriki wake ikabadilishwa, na kesi mbili zikatenganishwa. Ngudjolo aliachiliwa mwezi uliofuata. Tarehe 7 Machi 2014 Katanga alitiwa hatiani kama mtu aliyelisaidia kundi kutenda. Kwa mashtaka ya ubakaji, utumwa wa ngono na kutumia watoto vitani alionekana hana hatia. Jaji Christine Van den Wyngaert alipinga hukumu hiyo, akiona kwamba kubadili jina mwishoni mwa kesi kumemnyima mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Hivyo hata ndani ya kesi moja tendo lilibaki, jina likahama.

Alipewa kifungo cha miaka 12. Kilipopunguzwa tarehe 13 Novemba 2015, siku yake ya mwisho ikawa tarehe 18 Januari 2016. Mwezi wa Desemba 2015 aliletwa gereza la Makala, Kinshasa, kumalizia kifungo chake katika nchi yake, kama alivyotaka mwenyewe. Siku ya mwisho ilifika, naye hakutoka: serikali yetu ilikuwa imeandaa kesi mpya mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi.

Mkataba wa Roma, ambao nchi yetu iliuridhia tarehe 11 Aprili 2002, una kifungu cha 20 juu ya kinga hii, na msomaji wa lugha ana sababu ya kukisoma polepole. Aya ya kwanza, inayoifunga Mahakama ya La Haye yenyewe, inazungumzia matendo. Aya ya pili, inayozifunga mahakama nyingine, inazungumzia jinai zilizotajwa katika kifungu cha 5 cha Mkataba. Maneno ni mawili. Wanasheria wengi huelewa kutokana na tofauti hiyo kwamba mahakama ya nchi haiwezi kumhukumu tena mtu kwa jinai ya kivita ya Bogoro, lakini haikukatazwa wazi kumhukumu kwa tendo lile lile likiitwa mauaji ya kawaida. Mahakama ya Arusha juu ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilikuwa na mlango unaofanana na huo katika kifungu cha 9 cha sheria yake, ila ulifunguka kwa upande wa pili: yeyote aliyehukumiwa nchini kwa jina la kosa la kawaida aliweza kuhukumiwa upya huko Arusha. Mtumishi wa Ufaransa wa karne ya 19 angeitambua njia hii.

Serikali yetu haikuhitaji kuupitia mlango huo. Ilieleza kwamba mashtaka mapya yalihusu uhalifu wa mahali pengine katika Ituri, wala si shambulio la Bogoro. Kwa kuwa Katanga alikuwa bado chini ya kifungo cha La Haye alipofunguliwa kesi, kifungu cha 108 kilitaka Mahakama hiyo iridhie. Watetezi wake walipinga. Tarehe 7 Aprili 2016 Urais wa Mahakama uliridhia, ukiona kwamba mashtaka hayo si yale aliyokwisha kuhukumiwa.

Kwa kipimo cha tendo, naona uamuzi huo ni sahihi. Vijiji vingine vina wafu wao, na hukumu ya Bogoro haikuwahusu. Kinachonisumbua ni saa. Uhalifu wa miaka ya 2002 na 2003 ulijulikana tangu zamani. Mtuhumiwa alikaa mikononi mwa serikali yetu miaka 2 na zaidi kabla ya kupelekwa Ulaya, na wakati huo wote hakufikishwa mbele ya hakimu kwa hukumu. Faili lililotulia miaka mingi liliamka wiki chache kabla ya mlango wa gereza kufunguka. Hakuna aya ya kifungu cha 20 inayokataza hilo, na sidhani kama kuna namna ya kuiandika.

Kwa wanafunzi wetu wanaotafsiri sheria, napendekeza waandike "tendo lile lile" pale matini ya Kifaransa inaposema fait, na "kosa lile lile" pale inaposema infraction, hata kama sentensi itasikika nzito. Katika kifungu cha 20 maneno hayo mawili yasibadilishane nafasi kamwe, na mfasiri akiona mashaka, aliache neno la asili pembeni ili hakimu ajue kwamba mashaka yapo.